Jiwe Lililooteshwa Baharini

Treni ya asubuhi ilikuwa tulivu, na mshonaji aliyekaa dirishani alisikia kila neno, ingawa hakuna aliyemwalika. Mbele yake binti mmoja alikuwa amepakata jiwe jeupe kama mtoto mchanga.

"Nimeliotesha mwenyewe, baba, kwenye maji ya bahari, kwa wavu wa chuma na umeme kidogo. Leo nalipeleka kwa wakaguzi. Wakilikubali, tutajenga zahanati bila saruji."

Mzee mwashi aliyeketi naye akacheka mpaka kikohozi kikambana, kikohozi cha miaka thelathini ya vumbi la saruji. "Mwanangu, sisi mchanga tunauonja kwa ulimi. Ukiwa na chumvi tunaumwaga, maana chumvi hula nondo. Wewe unaniletea bahari yenyewe?"

"Basi lionje."

Akaliramba bila haya. Mshonaji akaomba dua kimoyomoyo, hata hajui anamwombea nani.

"Chumvi ipo," mzee akasema. Binti akainamisha kichwa.

Treni ikafunga breki. Mzee akalipangusa jiwe kwa mkono wa shati, taratibu, akamrudishia. "Nenda ukabishane nao vizuri, mama. Kitinda mimba wangu anaanza uashi mwezi ujao, na kifua chake bado kizima."