Mkalimani Aliyenyamaza Paya

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema asifiwe, maana mtu aliyesimama mbele yenu leo alipaswa kuwa gerezani.

Mnanijua. Mimi ni Okoth, mkalimani wa kanisa letu hapa Busia, upande wa Kenya. Siku za kazi ni wakala wa forodha kule Malaba, nakimbiza karatasi za malori. Jumapili nashika maikrofoni. Nilikuwa nimeokoka, ndiyo, lakini mdomoni tu. Ndugu zangu, mtu anaweza kuimba kwaya na chuki ikamshikia kitabu cha nyimbo!

Mama yangu aliolewa Paya, wilaya ya Tororo, ng'ambo Uganda. Baba alipofariki, mdogo wake aitwaye Opendi akataka shamba letu. Mama akakataa kuondoka. Nilikuwa na miaka minane. Asubuhi moja nilikwenda na mama kuchota maji, na tuliporudi tukakuta nyumba yetu ya nyasi inawaka. Ndani alikuwemo dada yangu mdogo, Athieno, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mama aliingia kwenye moto ule. Alimtoa, lakini mtoto hakuishi. Vidole vya mama vilijikunja, havikunyooka tena mpaka alipokufa. Athieno alizikwa mama akiwa amelazwa hospitali nami nikiwa naye, hatukuliona hata kaburi. Mama mkubwa akatuchukua huku Busia, na hatukurudi.

Kijiji kizima kilijua ni Opendi. Lakini hakuna aliyesema amemwona, na kesi ikafa.

Mwaka jana mchungaji wetu alitangaza safari ya kutembelea makanisa tunayoshirikiana nayo Uganda. Merikit kwanza, halafu Paya. Akasema, "Okoth, wewe unajua Dhopadhola, lugha ya watu wa kule. Utatafsiri." Niliitikia haraka mno. Watu walidhani ni moto wa injili. Kumbe nilikuwa nimepata njia ya kufika kwa Opendi bila mtu kuniuliza nafuata nini!

Mnajua pale mpakani petroli inauzwa kwenye chupa za soda. Nilinunua chupa moja, nikaifunga kwa nailoni, nikaiweka chini ya Biblia ndani ya begi. Tukavuka. Nilitaka aone nyumba yake ikiwaka kama sisi tulivyoona yetu.

Merikit nilitafsiri vizuri. Watu walilia, watu waliokoka. Mimi nilikuwa nawaza upepo unavuma kutoka wapi.

Tulifika Paya Jumamosi mchana. Mzee mmoja wa kanisa lile alitupokea kwa furaha. Nilimsalimu kwa lugha yao, akanishika mkono, hakuuachia. Akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Wewe nasema Dhopadhola kama mtu ya hapa. Mama yako ni nani?"

"Nilijifunza Malaba, kwa madereva," nikamjibu.

"Madereva!" akacheka. Lakini macho yake hayakucheka.

Jioni ile, tukitembelea waumini majumbani, nilimuuliza mtoto mmoja njiani kwa Opendi ni wapi. Akaninyooshea kidole nyumba ya nyasi karibu na pampu ya maji. Nikapanga. Kesho, ibada ikiisha, watu watakuwa wanakula, mimi nitateleza.

Jumapili kanisa lilijaa hadi nje. Begi lilikuwa miguuni pangu. Mchungaji wetu alihubiri habari za Zakayo, nami nikatafsiri, neno kwa neno, kama mashine. Alipowaita wanaotaka kutubu, wakaja wanne. Wa mwisho alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo. Akaomba kusema. Nikamsogezea maikrofoni, na kila alichosema kwa Dhopadhola nikawageuzia wenzangu wa Kenya kwa Kiswahili.

"Jina langu ni Opendi," nikatafsiri.

Ndugu zangu, mdomo wangu ulisema kabla masikio hayajasikia! Nilimtazama. Kumbukumbu yangu ilikuwa ya mtu mrefu mwenye mabega mapana. Huyu alikuwa anatetemeka.

Akaendelea. Kanisa zima likaguna, maana wao walikuwa wameshaelewa. Wenzangu wakanitazama, wakingoja. Na mkalimani, mnajua, hasemi "yeye". Husema "mimi".

"Mimi ndiye niliyechoma nyumba ya mke wa marehemu kaka yangu," nikasema.

"Nilimwona akienda majini na kijana wake. Nilidhani nyumba haina mtu."

Sikuwahi kujua hilo. Miaka yote niliamini alijua mtoto yumo. Lakini mzee hakuishia hapo. Alisema maneno mengine mawili matatu, akafunga macho. Mchungaji wetu akaninong'oneza, "Amesema nini?"

Sikujibu.

"Okoth! Amesema nini?"

"Amesema... Nilisikia mtoto akilia. Nikakimbia."

Mchungaji, asiyejua lolote, akamwekea mzee mkono begani, akaniambia, "Mwambie Mungu anamsamehe."

Nilifungua mdomo, neno halikutoka. Ningewezaje? Watu walianza kutazamana. Mguu wangu ulikuwa unagusa begi. Nikasema moyoni, "Yesu, siwezi! Nikilisema hili nitakuwa mwongo, na nisiposema nitakuwa muuaji. Nisaidie!" Sikuona nuru, sikusikia sauti. Nilichoona ni mkono wangu ukishuka na kufungua begi. Nikaitoa ile chupa, nikaiweka mezani mbele ya watu wote, na harufu ikaenea.

Nikamwambia kwa Dhopadhola, "Baba mdogo, mimi ndiye yule kijana aliyekwenda majini. Hii ilikuwa ya nyumba yako. Mchungaji anasema Mungu anakusamehe. Mimi bado. Lakini sitakuchoma."

Fimbo ikamtoka mkononi, akakaa chini kwenye vumbi. Nami nikakaa kando yake. Yule mzee wa kanisa alikuja akatushika vichwa wote wawili, akaomba huku analia.

Kesho yake Opendi alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kusema yote tena, kwa hiari yake, akasema yuko tayari kwa lolote serikali itakaloamua. Nilimsindikiza. Njiani alinionyesha kaburi la Athieno, pembeni ya shamba la mihogo. Nilipiga magoti pale nikamlilia dada yangu kwa mara ya kwanza.

Sitawadanganya, wapendwa. Kumsamehe kulinichukua miezi. Kuna siku nilirudi nyuma. Lakini wiki iliyopita nilimpigia simu nyumbani kwake, anakosubiri kesi yake iamuliwe, nikamwita baba mdogo, na kifua hakikuuma. Usingizi wangu umerudi. Mke wangu ananiambia hata sauti yangu imebadilika. Nani angefanya hivyo kama si Bwana? Ashukuriwe!

Na wewe uliyekaa humu, unayejua njia ya kwenda kwa adui yako vizuri kuliko unavyojua zaburi moja, usitoke. Njoo mbele. Mtumaini Yesu kwa hilo usiloweza kulisema. Nitapiga magoti pamoja nawe, hata kama hatutaweza kutamka neno.