Mama Kisu Anatuachia Jiko, na Jiko Limeniangukia Mimi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kantini ya kiwanda chetu cha sabuni, mpishi mkuu, Mama Kisu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimepewa kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga mimi, mpakuaji wake, kwa sababu wenye elimu wote walisema wana shughuli.

Alianza kama sisi sote: mafuta mengi, chumvi nyingi, mengine tumwachie Mungu. Kisha akaja fundi wa Kijapani kufunga mitambo. Tumbo lake likakataa mapishi yetu, akaomba kona ya jiko ajipikie. Mama Kisu akasimama nyuma yake miezi minane, mikono kifuani, akitazama. Fundi alipoondoka, ile kona ikawa jiko zima.

Tangu hapo ubao wa chakula hauandikwi mpaka yeye arudi kutoka soko la wakulima. Yeye hatuulizi sisi tunataka nini. Anawauliza wakulima nini kimekomaa leo. Maharage machanga huyatia maji ya moto kwa muda wa chafya mbili, kisha maji baridi, kisha ufuta wa kusaga, basi. Biringanya huichoma mpaka ngozi iungue, akaimenya, akaimwagia maji yaliyochemshiwa samaki wakavu. Mimi nilitangaza kuwa hicho ni chakula cha wagonjwa. Nilitangaza miaka minne mfululizo, mdomo umejaa.

Kuna dhambi moja lazima niitubu. Mwaka juzi wakubwa walitaka kufunga jiko letu, tuwe tunaletewa chakula cha vibokisi. Wakaja sita kuonja kabla ya kuamua. Mama Kisu akapanga kwenye kila sahani vipande vitatu vya boga na majani machache ya figili, upande mmoja akauacha mtupu. Alipokwenda kubadili aproni, nikaona aibu: wageni si watadhani tumeishiwa? Nikajaza wali pale patupu, na mchuzi juu. Kila sahani kilima.

Aliporudi alinitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani. "Mzee mwenzangu," akasema, "umeziba dirisha." Akaziosha sahani sita mwenyewe, akapanga upya boga lililobaki, safari hii vipande viwiliviwili. Wakubwa wakala, wakamaliza. Mmoja akauliza ni sukari gani hiyo iliyotiwa.

"Hamna sukari, bosi," Mama Kisu akajibu. "Boga limefikia mwezi wake tu."

Jiko halikufungwa.

Anaacha wapishi saba aliowafunza, ambao wote wamekwishachukuliwa kwingine, na mpakuaji mmoja ambaye hakuna aliyemtaka. Ndiyo maana kuanzia Jumatatu napika mimi. Amekwishawaonya wakulima wasiniuzie kitu nisichokinusa kwanza.

Asante, Mama Kisu, kwa kutulisha na kutuvumilia. Tunakuombea siku ndefu, magoti yasiyouma na jirani mwenye bustani. Nanyi wenzangu, mkinikuta sokoni nimeinamia boga, pua imegusa ganda, piteni tu. Niko kazini.