Mchuzi wa Mume wa Semina

Ilikuwa siku ya kuwaona mahabusu, na basi la kwenda gerezani lilijaa vyakula. Mbele yangu walikaa kina mama wawili wasiojuana. Mmoja, fundi cherehani, alipakata bakuli.

"Mume wangu alinipigia simu eti yuko semina," alisema. "Nimemtafuta weee, kumbe kawekwa ndani kwa kupigana baa. Leo nimempikia mchuzi. Chumvi nimeimwaga bila huruma."

Mwenzake, mzoefu wa njia ile, alicheka hadi akajifuta machozi. "Si ungemsema tu, dada?"

"Kwa maneno ananishinda. Acha ale semina yake."

"Haya. Ila unajua askari wa getini hapitishi chakula mpaka aliyekileta akionje?"

Fundi akafunua bakuli, akalifunika. "Kijiko kimoja tu?"

"Inategemea zamu ya nani. Yule mnene anataka mle naye kabisa, mpaka uone haya."

Basi likasimama getini. Mimi nilikuwa bado nasoma tiketi yangu, kama mtu asiyesikia kitu, fundi aliponigeukia kwa sauti tamu ajabu.

"Kaka yangu, hebu nibebee hili bakuli mpaka kwa askari."