Bi. Ikupa na Vyura wa Kijapani

Tarehe 30 Juni, Bi. Ikupa Mwaisaka anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kutafsiri riwaya za Kijapani kwa Kiingereza katika kampuni yetu ndogo ya tafsiri hapa Kyela mjini.

Ujanani alipelekwa Japani kusomea kilimo cha mpunga. Alirudi na masanduku mawili ya riwaya, mbegu hakuna. Baba yake, Mzee Reubeni, alinuna msimu mzima.

Ametafsiri riwaya kumi na nne, ikiwemo ile ya mjane anayegombana na jokofu lake. Ila mwaka 2009 nusura aache kazi. Mchapishaji wa London alirudisha sura ya kwanza ya riwaya aliyoihangaikia miaka miwili, akidai vyura wa kwenye tafsiri yake wanalia kama wamesomea Uingereza. Asipowarekebisha, kazi apewe mwingine. Bi. Ikupa alilia kidogo chooni, akanawa uso, akapanda bodaboda hadi mashamba ya mpunga ya Ngonga.

Mvua ilikuwa imekatika punde. Alivua viatu, akaingia jarubani, akachuchumaa na kuanza kujibizana na vyura. Mwenye shamba, Mzee Asajile, alikuja mbio na panga akidhani ni mwizi wa bata.

"Mama, unatafuta nini humo?"

"Natafuta chura wa Kijapani, baba."

"Pole. Hapa utapata Wanyakyusa tu."

Hata hivyo mzee alikunja suruali, akaingia naye, akamfundisha chura mkubwa anavyolia: anaanzia kifuani, anamalizia puani. Bi. Ikupa alirudi ofisini na matope hadi kiunoni, akaiiga sauti ile mpaka mhasibu wetu, Felista, akajifungia ndani. Kisha akaiandika. Mchapishaji aliikubali siku hiyohiyo, na kitabu kimechapwa mara tano. Mzee Asajile ametajwa kwenye shukrani kama mshauri wa vyura, na tangu hapo haitiki ukimwita kwa jina tu.

Juzi, kwenye chakula cha kumuaga, Bi. Ikupa alishukuru kwa Kijapani, kisha kwa Kiingereza. Mumewe, Mzee Isaya, alipiga makofi ya adabu. Mkewe alipofika kwenye "Ndaga fijo," asante sana ya Kinyakyusa, mzee akaanza kulia waziwazi. Bi. Ikupa alimtazama, akatafuta neno, akalikosa, akaenda kukaa karibu yake.

Nenda salama nyumbani Ipinda, dada yetu. Kakao ya shambani kwako izae vizuri, magoti yasikusumbue, na siku zako ziwe nyingi na za furaha.