Kusudi si Makusudi

Ndugu zangu, msinipigie makofi bado. Wengine wakisimama hapa kanisani kutoa ushuhuda husema walikuwa na hasira, sasa imekwisha. Mimi yangu ipo. Nimekuja kuwaambia ilikuwa imeelekea wapi, na nani aliyeigeuza njia.

Tulihamia Gahanga kutoka Bujumbura nikiwa mdogo. Msimu mmoja wa mvua, mchana, baba na mama walikuwa nyuma ya nyumba wakichimba mfereji. Ukingo wa udongo ukawaangukia. Sisi watoto wanne tulikuwa shuleni. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa na miaka kumi na sita. Daftari nililobeba siku ile ndilo la mwisho.

Msibani, mtu mmoja wa kanisa akasimama na barua hii ya mtume tunayoisoma mwezi huu, ile aliyoiandika akiwa kifungoni. Akasema tusilie sana, kwa sababu kila kitu hutokea kwa kusudi la Mungu. Watu wakaitikia amina. Matope ya kaburini yalikuwa hayajakauka viatuni mwangu, na watu wanasema amina!

Sasa sikilizeni. Kiswahili changu kimekulia sokoni, na sokoni neno hilo tunalijua kwa namna moja tu. Mtu akikukanyagia nyanya, unamshika shati: "Umefanya makusudi!" Maana yake umeona, umepima, ukaniumiza kwa roho mbaya. Basi mimi nilisikia hivi: Mungu aliwaona wazazi wangu na majembe yao, akawaua makusudi.

Niliamini hivyo miaka sita. Niliuza nyanya soko la Kimironko, nikawalisha wadogo zangu watatu, nikawakataza kusali nyumbani. "Hatumwombi aliyetufanyia makusudi," niliwaambia. Nilijiona jasiri.

Siku moja nikarudi mapema, nikamkuta mdogo wetu wa mwisho amepiga magoti nyuma ya mlango, ananong'ona. Nikamvuta mkono.

"Nilisema nini kuhusu kuomba?"

"Siombi kitu, dada."

"Unafanya nini basi?"

"Namwambia asikuone."

"Nani asinione?"

"Mungu. Akikuona atakufanyia makusudi na wewe."

Nawaambieni, nilikaa sakafuni. Nilikuwa nimemkinga mtoto huyu na njaa, na mvua, na maneno ya wajomba. Hofu hii nilimpa mimi, kwa mdomo wangu.

Jumamosi nikaja hapa, kwenye darasa la Biblia la Kiswahili. Sikuja kutubu. Nilikuja kugombana. Katekista alipofika sehemu ile ya barua nikasimama: "Mwalimu, rudia hapo. Kwa nini mnamsifu Mungu anayefanya makusudi?"

Darasa likacheka. Katekista akasema, "Haikuandikwa makusudi, dada. Imeandikwa kusudi."

"Kuna tofauti gani? Mnanichezea kwa herufi mbili?"

Akakwama. Aliyenijibu ni jirani yangu wa meza sokoni, muuza maharage. Sikujua hata kama anasali hapa.

"Weye iko kichwa ngumu, sha," akasema kwa Kiswahili chetu cha sokoni. "Nikimwaga nyanya zako ili nikuone unalia, hiyo ni makusudi. Haya, shule uliacha kwa kusudi gani?"

"Ili wadogo zangu wapate kula."

"Na kuacha shule ilikuwa vizuri?"

"Haikuwa vizuri! Nilikuwa wa pili darasani!"

"Basi. Ubaya ni ubaya, usiupake sukari. Kusudi ni kile ulichokataa kukiacha hata ubaya ulipokuja."

Mtu akasema kutoka nyuma, "Katekista, kaa chini, maharage yameiva!" Nilicheka, na sikutaka.

Nikaiazima ile barua, nikaisoma mwenyewe, kwa kidole, neno kwa neno. Aliyeiandika yuko kwenye minyororo. Sikuona mahali anapoisifu minyororo. Anawaombea walio mbali wapate nguvu, kisha anawaomba nao wamwombee, asiogope kusema. Na kusudi analolitaja ni la Mungu kuwakusanya waliotengana wawe nyumba moja. Kukusanya, ndugu zangu. Si kuangusha udongo.

Nikamwambia mdogo wangu, "Dada yako alikosea neno. Mungu hakuwafanyia baba na mama makusudi. Mwombe anione."

Akaniangalia sana. "Una hakika?"

"Sina hakika ya kila kitu. Ya hilo ninayo."

Akaomba kwa sauti. Nikapiga magoti karibu naye, nikaomba kwa ukali, kama binti anayegombana na baba yake. Mpaka leo ndivyo ninavyoomba, na wadogo zangu wameshazoea.

Nakushukuru, mama wa maharage. Nakushukuru, katekista, kwa kukubali kukwama mbele za watu. Nawashukuru majirani wa Gahanga waliokuja msibani na viazi na kuni, wakapika, wakaosha masufuria, wakaondoka bila kutufundisha kitu. Imani yao niliielewa kabla ya barua yoyote.

Na wewe uliyesimama siku ile, uko hapa leo. Sitakutaja. Nimekusamehe, lakini usirudie. Mmesikia kuna msiba Gahanga, mazishi ni kesho; mama aliyefariki ameacha watoto watano. Twende sote. Wewe beba kuni. Barua niachie mimi. Nitawasomea watoto wale siku watakayoniuliza.