Bi Ramlati na Abiria wa Gramu Nne

Bi Ramlati Moindjié anastaafu Jumatano, tarehe 30 Aprili 2008, baada ya miaka thelathini na tatu katika maabara yetu ya Mutsamudu, kisiwani Anjouan. Aliajiriwa miezi miwili kabla ya uhuru wa Komoro. Tangu hapo serikali zimekuja, zimepinduliwa, zimejitenga na kurudishwa kwa mizinga, na kila moja imempa kitambulisho kipya cha kazi chenye picha ileile.

Kazi yake ilikuwa kukata nyama za wagonjwa vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, avipake rangi, daktari avisome kwa hadubini. Hajawahi kupoteza hata kimoja, wala hajawahi kumsamehe aliyeacha chupa bila kifuniko. Sisi wenye watoto wachanga tulilala kwa zamu nyuma ya kabati lake, yeye akiwafukuza mabosi kwa ishara ya mkono.

Lakini atakumbukwa zaidi kwa safari ya Novemba iliyopita. Youssoufa, mpakuzi wa mizigo bandarini kwetu, alikuwa na saratani ya pafu. Daktari Nadjim wa Moroni alikuwa akikusanya vipande vya saratani hiyo ili vipimwe ng'ambo, kuona vipokezi vilivyo juu ya seli. Sisi tusio madaktari tulielezwa hivi: mwili hutoa ishara za kemikali, na seli yenye vipokezi vingi huzifuata, ikatoka pafuni ikahamia mfupani au kwenye ubongo. Vikiwa vingi, mara nyingi mgonjwa hana muda mrefu. Daktari alionya kwamba kipimo hakiwezi kumhesabia mtu siku zake. Youssoufa akasema hataki tarehe. Alikuwa anamjengea binti yake Bahiat nyumba ya kuolewa, kama afanyavyo kila baba huku kwetu, na alitaka kujua tu: aendelee na orofa ya juu, au aezeke ya chini upesi?

Wakati huo kisiwa chetu kilikuwa kimeasi, na Moroni, makao makuu ya Muungano, ilikuwa imetuwekea vikwazo. Seli za saratani husafiri bila kumwomba mtu kibali. Kipande chenyewe, kilichogandishwa ndani ya nta, kikubwa kama ukucha, hakikuweza kuvuka. Mutsamudu walidai hati ya kupeleka bidhaa nchi za nje. Moroni walisema Anjouan si nchi ya nje, kwa hiyo hati hiyo ni uhaini, na mizigo ya Anjouan hairuhusiwi. Wapite wagonjwa tu.

Bi Ramlati akapanda boti ya wagonjwa.

Bandarini Moroni ofisa akamwuliza kama anayemwuliza bibi yake, "Koko, mgonjwa wako yuko wapi?"

Bibi yetu akafungua mkoba. "Huyu hapa, mwanangu. Amekuja kiasi kinachohitajika."

"Mbona hana miguu?"

"Ndiyo maana nimembeba."

Ofisa alikuwa na fomu mbele yake na foleni nyuma ya Bi Ramlati. Akaandika: abiria Youssoufa, mpakuzi, ameingia, uzito gramu nne.

Habari za abiria huyo zikavuka maji. Wiki iliyofuata askari wa Mutsamudu walikwenda kuipekua nyumba ya msaliti aliyekimbilia Moroni, wakamkuta msaliti juu ya ngazi na mwiko wa saruji mkononi. Wakamkamata kwa kosa la kutoroka. Bi Ramlati alikwenda kambini, akawauliza kama mama zao wanajua kazi wanayofanya. Wakamwachia Youssoufa kabla ya adhuhuri.

Majibu yalifika Februari. Vipokezi vilikuwa vingi. Daktari Nadjim alimweleza kwa simu yetu ya maabara, Bi Ramlati akiwa kando yake. Youssoufa akauliza mabati yatapatikana wapi. Machi, majeshi yaliposhuka kuturudisha kwenye Muungano, orofa ya chini ilikuwa imeshaezekwa.

Utawala umeandaa hotuba nne za Jumatano. Tatizo ni kwamba bwana harusi anaingia nyumbani kwa Bahiat siku hiyohiyo, na mstaafu ametuma udhuru. Youssoufa hawezi tena kusimama peke yake, naye anataka kumpokea mkwewe mlangoni, kwa miguu yake. Hotuba zisomwe tu.

Asante, Bi Ramlati, kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya, mapumziko na wajukuu wasikivu. Na Jumatano, mshike vizuri.