Musafiri Ferdinand, Mpima Maji wa Meli ya Reli

Ndugu, jamaa na majirani, ninyi mliokaa mkekani na ninyi mliokosa nafasi mkasimama juani, mimi ni Godefroid, mtoto wa mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba mkubwa wangu, kazi ambayo Michel, mwanawe wa kwanza, alisema hataiweza. Kaburi limechimbwa tangu asubuhi, majembe yamelala, na wengi wenu mnajua kwa nini yamelala. Kwa desturi yetu, udongo wa kwanza hutiwa na watu wa upande wa mama yake marehemu, na mkubwa wa upande huo leo ni mzee Mbaraka, mtoto wa mjomba wake, ambaye amekuja, tunamshukuru, lakini amesimama pale kwenye ua na hajaingia.

Marehemu alizaliwa Lokandu mwaka 1899, wakati wa kupungua kwa maji, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Kitenge, mpiga kasia, na mama Aziza binti Hamisi, wa nyumba ya Waislamu wa palepale Lokandu. Mwaka 1909 alipelekwa shule ya misheni hapa Kindu, akasoma hadi 1914, na siku ya Noeli ya mwaka 1912 alibatizwa akapewa jina la Ferdinand, jambo lililomnunisha sana babu yake Hamisi, lakini babu hakukaa na hasira, alisema jina ni kanzu tu, mwili uliomo ni uleule, akaendelea kumwita Musafiri na kumpa kichwa cha samaki kila alipomtembelea. Nalisema hili ili ijulikane kwamba kati ya nyumba hizi mbili dini haikuwahi kuwa ukuta.

Tarehe 4 Machi 1917 aliandikwa kazi katika meli za reli, kwanza kama mbeba kuni. Vijana wa leo mnaziona meli pale ufukoni mnadhani zilikuwapo tangu Mungu aumbe mto, lakini mjue kwamba reli ya kati ya Kongolo na Kindu ilipokamilika mwaka 1911 ilikomea hapa, na reli nyingine ya kwenda Stanleyville inaanzia chini huko Ponthierville, na katikati yake kuna mto, basi wenye reli wakaleta meli zao vipande vipande, mbavu, bomba, tangi la mvuke, vingine juu ya vichwa vya baba zetu, wakaziunga kwa misumari ya moto hapa hapa Kindu, wakaziendesha kwa saa za treni, kama vile mto nao umetandikwa vyuma. Mto haukutandikwa. Kila kiangazi mchanga unahama, mawe yanatoa vichwa, na njia ya mwaka jana inakuwa mtego wa mwaka huu, kwa hiyo kila meli ilihitaji mtu wa kusimama mbele kabisa na mti mrefu mkononi, achome maji, aseme alichokuta.

Kazi hiyo ndiyo aliyopewa baba mkubwa mwaka 1921, katika meli ambayo watu wa mtoni waliiita Tumbako kwa wingi wa moshi wake, na ilikuwa na maneno mawili tu, ambayo nawaomba myasikilize vizuri. Mti ukigusa mchanga au jiwe, mpima maji anapaza sauti, "Chini!", na meli inapunguza mwendo au inasimama, mti ukizama bila kugusa kitu, anapaza, "Bado!", maana yake chini haijafikiwa, maji ni mengi, twende. Kwa miaka kumi na saba aliyapaza maneno hayo kutoka Kindu hadi Ponthierville na kurudi, na hakuna aliyewahi kumwuliza swali, kwa sababu kapiteni aliye juu hazungumzi na mtu wa mti, anamsikia tu.

Tarehe 14 Juni 1924 alifunga ndoa na mama Clémentine, binti wa Kailo, aliye mbele yenu, wakajaliwa Michel mwaka 1926 na Albertine mwaka 1929, na wa tatu hakukaa nasi. Mama anasema hata usingizini mumewe alikuwa akipaza, na yeye alikuwa akimjibu, "We mwanaume, apa ni kitanda, haiko mto, lala," kisha asubuhi wanacheka wote wawili. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya kicheko, nasema hivyo kwa sababu wengine hapa hawakuiona wakati ule.

Sasa nafika mahali ambapo Michel alipaogopa. Mwezi wa Agosti mwaka 1938 Tumbako ilipata kapiteni mpya, kijana, ambaye tofauti na wengine alitaka kujua Kiswahili, alikuwa akijifunza kwa mpishi wake, na maneno mawili ya mpima maji aliyajua kwa moyo. Tarehe 17 meli iliondoka hapa na tishari ubavuni, yaani ile mashua pana isiyo na injini ambamo sisi weusi tulisafiri pamoja na mbuzi, mafuta ya mawese na kuni, na ndani yake alikuwamo Hawa, binti wa mzee Mbaraka, aliyekuwa akipelekwa Lokandu kwa mumewe. Nyuma ya tishari cheche za bomba hutoboa nguo, na Hawa alikuwa amevaa nguo za bi harusi, basi baba mkubwa akamtoa nyuma, akamweka mbele, karibu na mahali aliposimama yeye mwenyewe, akamwambia, "Kaa apa mwanangu, apa moto haifike."

Asubuhi ya pili, kabla ya kuona Lokandu, ukungu ulikuwa juu ya maji, mti ukasema kitu ambacho si mchanga wala si jiwe, changarawe inayoteleza, na baba mkubwa akanyamaza ili achome tena, na kapiteni, alipoona hasikii neno, akainama kutoka juu akauliza kwa Kiswahili chake, "Musafiri, njia iko?" Ilikuwa mara ya kwanza mkubwa wa meli kumwita kwa jina na kumwuliza kama mtu anavyomwuliza mtu. Naye akajibu kama mtu anavyojibu nyumbani akiulizwa kama chakula kimeiva, "Bado," yaani njia haijapatikana, ngoja. Kapiteni akasikia neno lile analolijua kwa moyo, chini haijafikiwa, twende, akatoa amri, mvuke ukafunguliwa, na tishari likapasuka kwenye mawe upande wa mbele, pale ambapo moto haufiki.

Watu kumi na mmoja walikufa, na Hawa alikuwa mmoja wao. Baba mkubwa aliruka majini, akatoa watu wanne wakiwa hai, lakini Hawa hakumpata, na mwili wake ulipopatikana mbali huko mto unakoteremkia, mzee Mbaraka ndiye aliyeutambua, kwa hina ya mikono.

Mbele ya hakimu aliulizwa alisema nini, akajibu, "Nilisema bado," akaulizwa kama ana la kuongeza, akasema hana, akahukumiwa miaka miwili, na kapiteni akarudishwa kwao. Mama Clémentine, ambaye peke yake alisimuliwa na mumewe, alimwendea gerezani akamsihi aeleze kwamba aliulizwa swali, kwamba neno lilikuwa na sura mbili, naye akamjibu, "Nikieleza, Hawa atarudia?" Alipotoka mwaka 1940 reli haikumrudisha melini, alikata kuni katika kituo cha kuni kando ya mto hadi nguvu zilipomwisha, mji ukamwita Baba Bado, watoto wakamwimbia, na mzee Mbaraka, aliyekula naye sahani moja tangu utotoni, akaapa kutokanyaga mlango wake. Miaka kumi na tisa, watu wawili wakinunua chumvi soko moja.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza mwezi wa Februari mwaka huu wa 1957, akalazwa mara mbili, na katika siku za mwisho ndipo aliponieleza mimi na Michel haya ya swali, nami nikasema, baba mkubwa, basi kosa halikuwa lako. Akakasirika, ndiyo, mgonjwa yule alikasirika akainuka kwenye mto wa kitanda, akasema, "Ilikuwa yangu. Nilifurahi. Ameita jina yangu, nikafurahi, nikasahau niko mbele ya meli. Mutoto wa Mbaraka amekufa juu ya furaha yangu. Hiyo njo iliyonifunga kinywa, haiko gereza." Alifariki tarehe 9 Agosti, saa ya adhuhuri, mikononi mwa mama Clémentine.

Familia inamshukuru daktari pamoja na muuguzi Roger, aliyekuja nyumbani hata alipokuwa na homa yake mwenyewe, majirani waliopika tangu juzi, wakata kuni wenzake, na mabaharia wa meli za reli, hasa Nestor, mshika usukani wa Tumbako, aliyekuwapo siku ile na ambaye hakumwimbia mtu yeyote Baba Bado.

Mzee Mbaraka, baba yetu, sikusoma haya ili uone kwamba hakuwa na kosa. Yeye mwenyewe hakutaka lisemwe hilo, na mimi ni nani nimpe alichokikataa. Nimesoma kwa sababu ulikuwa na haki ya kujua kilichotokea pale mbele, na alishindwa kukueleza, aliona kila neno litakuwa kama kujitetea juu ya mwili wa mwanao. Hatukuombi usahau. Hatukuombi hata usamehe, kama moyo unakataa. Tunaomba mkono wako tu, kwani bila mkono wa upande wa mama, mtu huyu atalala kama mgeni aliyefia safarini. Ukitaka kuutia udongo kwa hasira, utie kwa hasira, nasi tutaupokea kwa mikono miwili.

Baba mkubwa, ulale na raha ya Mungu. Ulichoshindwa kumwambia ndugu yako, tumemwambia.